John Patterson: Muuza makaa ya mawe aliyeifanya risiti kuwa shahidi wa duka

KWA mwenye duka, hakuna jambo linaloumiza kichwa kama kuuza mwezi mzima, wateja wakipishana mlangoni, halafu mwisho wa mwezi kukosa fedha ya kununulia mzigo mpya. Bidhaa zimekwisha, wateja ni walewale, lakini fedha haionekani. Mwenye duka huanza kumshuku kila mtu, kuanzia muuzaji wake hadi mtoto wa ndugu aliyekuja kusaidia kazi wakati wa likizo.

Hali hiyo ndiyo iliyompata Mmarekani John Henry Patterson mwanzoni mwa miaka ya 1880, alipokuwa na duka katika mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe uitwao Coalton, jimboni Ohio. Njia aliyoitumia kujinasua ilimfanya awe mmoja wa wenye viwanda waliojulikana zaidi nchini mwake. Njia hiyo pia ilikuza biashara ya mashine za kurekodi mauzo, ambazo wajukuu wake ni printa za risiti zinazoonekana leo katika maduka, migahawa na vituo vya mafuta, kuanzia Nairobi hadi Dodoma.

Patterson hakuwa fundi, wala mashine hiyo hakuibuni yeye. Alikuwa mteja wake. Pengine ndiyo sababu aliifahamu thamani yake kuliko hata yule aliyeitengeneza.

Mtoto wa shamba

Alizaliwa Desemba 13, 1844 katika shamba la ukoo wao lililoitwa Rubicon, nje kidogo ya mji wa Dayton, Ohio. Shamba hilo lilianzishwa na babu yake, Kanali Robert Patterson, mmoja wa walowezi wa mwanzo wa eneo hilo. John alikulia humo, akifanya kazi ambazo mtoto yeyote wa mkulima hufanya.

Mwaka 1864, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, alitumikia jeshini kwa muda mfupi. Baadaye alisoma Chuo cha Dartmouth na kuhitimu mwaka 1867. Aliporudi nyumbani na shahada yake hakupata kazi ya maana. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kukusanya ushuru wa mashua katika mfereji wa Miami na Erie uliopita Dayton. Mashua zilipita usiku na mchana, na mkusanyaji alitakiwa awepo kila saa.

Mshahara ulikuwa mdogo, kwa hiyo alianza kuuza makaa ya mawe pembeni. Biashara hiyo ilikua. Pamoja na ndugu yake aliingia katika uchimbaji wa makaa huko Coalton, na kwa kuwa wachimbaji walihitaji unga, nguo, sabuni na vifaa vya kazi, wakafungua duka la kuwahudumia.

Duka linalovuja

Duka hilo halikuwa na mshindani wa kutisha. Wateja walikuwepo kila siku na mishahara yao ilijulikana. Kwa hesabu ya kawaida, lilipaswa kuleta faida nzuri. Badala yake lilizama katika madeni.

Patterson hakuwa akikaa dukani muda wote, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Wakati huo fedha za mauzo ziliwekwa katika sanduku au droo ya wazi. Muuzaji alipokea fedha, akatoa chenji, na kama alikumbuka aliandika daftarini. Asipokumbuka, mauzo hayo hayakuwahi kutokea. Anayempenda alimpunguzia bei. Anayemdai fadhila alimpa bure. Na aliyetaka kuchukua kidogo jioni alichukua, kwa sababu hakuna aliyejua kiasi kilichotakiwa kuwemo.

Wafanyabiashara wadogo wa hapa kwetu hawahitaji kusimuliwa zaidi. Ugonjwa huo hauna taifa. Upo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, upo kwenye mgahawa wa chipsi, na upo hata kwenye ghala la pembejeo ambako mfuko mmoja wa mbolea hutoka bila kuandikwa kwa kuwa aliyeuchukua ni jirani.

Patterson akapata habari kwamba huko kwao Dayton kulikuwa na mashine mpya inayorekodi kila mauzo. Aliagiza mbili bila kuziona. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye, katika miezi sita deni la duka lilishuka kutoka dola 16,000 hadi dola 3,000. Bei hazikupanda na wateja hawakuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba fedha iliyoingia ilionekana.

Mwenye baa aliyepanda meli

Aliyeibuni mashine hiyo ni James Ritty, mwenye baa mjini Dayton. Naye alikuwa na ugonjwa uleule. Baa yake ilijaa watu, vinywaji vilikwisha, lakini wahudumu walitia mfukoni sehemu ya mauzo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1878, akiwa safarini kwenda Ulaya kwa meli ili apumzike na mawazo hayo, alishuka katika chumba cha injini na kuona chombo kinachohesabu mizunguko ya pangaboi la meli. Akajiuliza kwa nini chombo cha namna hiyo kisihesabu mauzo ya baa.

Alirudi nyumbani, akashirikiana na kaka yake John aliyekuwa fundi mitambo, na Novemba 4, 1879 wakapata hataza. Mashine ya kwanza ilifanana na saa ya ukutani. Ilikuwa na mishale miwili, mmoja wa dola na mwingine wa senti. Haikuwa na droo ya fedha. Mhudumu alipobonyeza kitufe, mishale ilionyesha kiasi mbele ya mteja na vigurudumu vya ndani vikajumlisha.

Baadaye ndugu hao waliongeza roli ya karatasi. Kila mauzo yalipofanyika, pini ilitoboa tundu kwenye safu ya kiasi husika. Usiku mwenye baa alifungua mashine, akahesabu matundu na kujua siku ilikwendaje. Karatasi hiyo yenye matundu ndiyo mzee wa roli ya risiti ya leo.

Hata hivyo, Ritty alichoka kuendesha baa na kiwanda kwa pamoja. Aliuza haki zake kwa Jacob Eckert wa Cincinnati kwa dola 1,000, akarudi kwenye biashara ya baa aliyoijua. Droo na kengele inayolia droo inapofunguka viliongezwa baada yake. Kengele hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kupendeza. Iliwekwa ili mwenye baa aliye chumba cha nyuma asikie kwamba fedha imeguswa.

Dola 6,500 na kicheko cha mji

Kampuni iliyorithi mashine hiyo, National Manufacturing, ilikuwa inayumba. Mashine hazikuuzika na wenye hisa walikata tamaa. Mwaka 1884 Patterson, akikaribia umri wa miaka 40 na akiwa ameachana na biashara ya makaa, alinunua umiliki wa kampuni hiyo kwa dola 6,500.

Habari zilipoenea mjini, wafanyabiashara wenzake walimcheka. Walimwambia amenunua kitu kisicho na soko. Kicheko hicho kilimwingia sana, kiasi kwamba alirudi kwa muuzaji, George Phillips, akamwomba wavunje mkataba. Alikuwa tayari kumlipa dola 2,000 ili aachiliwe tu. Phillips alikataa. Hata angepewa bure, asingeichukua tena.

Basi Patterson akabaki na karakana yenye watu 13 katika mtaa usio na sifa nzuri. Aliibadilisha jina kuwa National Cash Register, kampuni iliyokuja kujulikana kwa herufi tatu, NCR. Jambo la kukumbuka ni kwamba hakuwa na ushahidi wa soko wala utafiti wowote. Alichokuwa nacho ni hesabu za duka lake la Coalton, na aliamini kwamba kila mwenye duka nchini humo anavujiwa kama yeye alivyovujiwa, isipokuwa hajui.

Vita na wahudumu wa kaunta

Kuuza mashine hiyo hakukuwa kazi nyepesi. Adui wa kwanza alikuwa muuzaji aliyesimama kaunta. Wahudumu wa baa na makarani wa maduka waliiona kama mpelelezi aliyeletwa kuwashika. Barua za matangazo za NCR zilipofika dukani, karani aliyezipokea alizichana kabla tajiri hajaziona. Patterson akaamuru zitumwe katika bahasha zisizo na jina la kampuni.

Mawakala waliokuja na mashine dukani walifukuzwa. Akawafundisha wasiibebe dukani kabisa. Walitakiwa kukodi chumba cha hoteli, wapange mashine vizuri mezani, kisha wamwalike mwenye duka aje peke yake, mbali na masikio ya wafanyakazi wake.

Hoja yao pia ilipangwa kwa makini. Wakala hakutakiwa kuanza na chuma, vitufe na bei. Alitakiwa kuanza na duka la yule mtu: mauzo ya taslimu yanapita wapi, ya mkopo yanaandikwa wapi, fedha iliyolipwa kwa mwenye mzigo inatoka kwenye droo gani. Mwenye duka aliyejibu maswali hayo kwa ukweli aliona mwenyewe matundu yalipo. Na kwa karani hoja ilikuwa nyingine: mashine inamlinda mtu mwaminifu, kwa sababu fedha zikipungua atakuwa na cha kuonyesha kwamba si yeye.

Mwaka 1887 maneno ya wakala aliyeuza vizuri kuliko wote, Joseph Crane, ambaye alikuwa shemeji wa Patterson, yaliandikwa katika kijitabu. Kila wakala alilazimika kukikariri. Miaka michache baadaye ilifunguliwa shule ya kufundisha uuzaji, moja ya shule za kwanza za aina hiyo katika kampuni. Kila wakala alipewa eneo lake na lengo lake la mauzo, na hakuna mwenzake aliyeruhusiwa kumwingilia. Mambo hayo leo yanaonekana ya kawaida kwa kampuni za soda na za simu, lakini wakati huo yalikuwa mageni.

Karatasi mkononi mwa mteja

Mashine za mwanzo zilimlinda mwenye duka peke yake. Katika miaka ya 1890 kampuni ilianza kutengeneza zilizochapa risiti kwa ajili ya mteja, na hapo mambo yakageuka. Mteja anayesubiri karatasi yake humlazimisha muuzaji kubonyeza mashine. Asipobonyeza, karatasi haitoki. Kwa njia hiyo mwenye duka alipata mlinzi asiyemlipa mshahara, yaani mteja mwenyewe. NCR ikawahimiza wenye maduka kuweka kibao juu ya mashine kinachomkumbusha mteja achukue risiti.

Serikali nazo zimekuja kuitumia hoja hiyohiyo. Tanzania ilipoanza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT kutumia mashine za EFD mwaka 2010, na kisha kuwafikia wasiosajiliwa mwaka 2013, wapo waliofunga maduka kupinga. Malalamiko yao yalihusu zaidi bei ya mashine na namna kodi inavyokadiriwa, na hayo ni mambo ya kujadiliwa. Lakini kilichokuwa kikisumbua Coalton hakihusiani na kodi. Hata siku serikali isipodai risiti, mwenye duka anaihitaji.

Mfanyabiashara anayetafuta printa ya risiti leo hukutana na maswali yaleyale ambayo mawakala wa Patterson walifundishwa kuuliza kabla ya kutaja bei. La kwanza ni kazi gani inafanyika na wapi. Printa nyingi za sasa hazitumii wino. Zinatumia karatasi iliyopakwa dawa inayobadilika kuwa nyeusi inapoguswa na joto. Ni za haraka, hazipigi kelele na hazina utepe wa kubadilisha. Kwa duka la rejareja au famasi zinatosha kabisa.

Mgahawa una habari nyingine. Printa inayopeleka oda jikoni ikiwa ya karatasi ya joto na ikawekwa karibu na jiko la mkaa au kikaango, karatasi huweza kuwa nyeusi yote na mpishi asisome kitu. Jikoni hufaa zaidi printa ya pini inayogonga utepe wa wino. Ina kelele na ni ya polepole, lakini moto hauifuti kazi yake, na kwa karatasi maalumu inaweza kutoa nakala mbili kwa mpigo mmoja, moja ya mpishi na nyingine ya mhudumu.

Udhaifu mwingine wa karatasi ya joto ni kufifia. Risiti ikikaa juani, ikipata mafuta au ikifungiwa ndani ya plastiki, maandishi hupotea. Mkulima aliyenunua mbegu au dawa ya mifugo na anayetaka kuwa na uthibitisho msimu ukiharibika, heri aitoe fotokopi au aipige picha kwa simu siku hiyohiyo.

Kuhusu upana, roli za kawaida ni za milimita 57 au 58 na za milimita 80. Ndogo inatosha kwa kibanda na kwa anayetembea na mashine mkononi. Kubwa inafaa penye orodha ndefu ya bidhaa. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe roli za upana huo zinapatikana mjini kwake na kwa bei gani, kwa sababu printa hununuliwa mara moja lakini karatasi hununuliwa kila wiki. Aulize pia ni nani atakayeitengeneza ikiharibika, na kama fundi huyo yupo karibu au ni mpaka isafirishwe kwa basi.

Wenye droo ya fedha wajue kwamba printa nyingi zina tundu la waya wa droo, na droo huweza kupangwa ifunguke risiti inapochapwa. Hiyo ni kengele ya zamani katika umbo jipya. Penye umeme wa kukatika, yenye betri ina faida ya wazi. Na kwa Tanzania, printa ya kawaida iliyonunuliwa dukani haichukui nafasi ya EFD. Anayewajibika kutumia mashine ya kodi anunue kwa msambazaji aliyeidhinishwa na TRA, la sivyo atakuwa amelipa mara mbili.

Mashine zilizorudi kutoka Uingereza

Mwaka 1894 Patterson alipata pigo. Mashine zenye thamani ya takriban dola 50,000 zilirudishwa kutoka Uingereza zikiwa hazifanyi kazi. Kwa kampuni ya wakati huo hilo lilikuwa karibu kuivunja.

Tajiri mwingine angefukuza mafundi wote. Patterson, ambaye hakuwa mgumu wa kufukuza watu, safari hii alifanya jambo jingine. Alihamisha meza yake kutoka ofisini na kuiweka katikati ya kiwanda. Akiwa hapo aliona alichokuwa hakioni: giza, uchafu, mashine hatari zisizokingwa, wafanyakazi wasio na sababu ya kujali wanachokitengeneza. Inaelezwa kwamba alimwona mfanyakazi wa kike akipasha kahawa yake kwenye bomba la joto, kwa kuwa hakukuwa na mahali pa chakula.

Akajenga upya. Majengo mapya yalikuwa na kuta zilizo kioo kwa sehemu kubwa ili mwanga uingie. Mashine hatari zilikingwa. Kulikuwa na chakula cha moto, bafu, viti vyenye egemeo kwa wanawake, na wauguzi. Wageni walitoka mbali kuja kuangalia kiwanda hicho. Alipoulizwa na wenye viwanda wenzake kwa nini anatapanya fedha, jibu lake siku zote lilikuwa kwamba inamlipa. Hakudai kwamba ni sadaka.

Hata hivyo kiwanda chenye maua na madirisha hakikuzuia mgogoro. Mwaka 1901 kulitokea mvutano mkubwa na vyama vya wafanyakazi na kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Patterson alikuwa akiwapa watu mengi, lakini hakupenda kuulizwa.

Bustani ya watoto watukutu

Wasomaji wakulima watapenda sehemu hii. Kiwanda kilijengwa katika ardhi ya shamba la ukoo wake, kwenye mtaa uliojulikana kwa vurugu. Watoto wa mtaa huo walikuwa na mchezo mmoja: kuvunja vioo vya kiwanda kwa mawe. Kwa mtu anayejenga kuta za vioo, hiyo ni hasara ya kila wiki.

Mwaka 1897 Patterson aliwagawia vijana hao vipande vya ardhi karibu na kiwanda. Aliwapa mbegu, majembe na mtu wa kuwafundisha kilimo cha mboga. Mavuno yalikuwa yao. Waliyapeleka nyumbani au kuyauza, na waliofanya vizuri walipewa zawadi. Baadaye vijana wa bustani hiyo waliundiwa kampuni yao wenyewe, wakajifunza kuweka hesabu za mapato na matumizi kama watu wazima. Vioo vikapona, na mtaa ukabadilika hata jina.

Alitoka shambani na hakuwahi kulisahau shamba. Aliwaambia watu kwamba mambo aliyojifunza Rubicon yalimfaa katika biashara kuliko aliyofundishwa chuoni.

Mahakamani, kisha mafurikoni

Kufikia mwaka 1911 NCR ilikuwa imeuza mashine milioni moja na kuajiri watu wapatao 6,000. Ilitawala karibu soko lote la Marekani. Hapo ndipo upande wa giza wa Patterson ulipotokeza hadharani.

Mwaka 1912 serikali ya Marekani ilimshitaki yeye na wakuu wenzake chini ya sheria ya kuzuia uhodhi wa soko. Walidaiwa kuwahonga wafanyakazi wa washindani ili watoe siri, kuwatisha wanunuzi, na kutengeneza mashine zinazofanana na za washindani ili kuwaharibia. Iliundwa hata biashara ya mashine zilizotumika, ikionekana kama haihusiani na NCR, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza kwa bei ya chini hadi wauzaji wengine wafunge. Aliyeisimamia alikuwa kijana mmoja aitwaye Thomas Watson.

Februari 1913 mahakama ya Cincinnati iliwatia hatiani. Patterson alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja jela na faini ya dola 5,000. Mtu aliyejenga utajiri wake kwa kuuza mashine ya kuzuia udanganyifu alionekana na mahakama kuwa ametumia udanganyifu kuiuza. Alikata rufaa.

Wiki chache baadaye, Machi 1913, mvua kubwa ilivunja kingo za mto na Dayton ikazama. Mamia ya watu walikufa katika mafuriko hayo. Kiwanda cha NCR kilikuwa mahali palipoinuka. Mapema kabla maji hayajafika kimo chake, Patterson aliamuru kiwanda kiache kutengeneza rejista na kuanza kutengeneza mashua. Mafundi seremala waliunda mashua karibu 300 zilizotumika kuwaokoa watu juu ya mapaa. Jikoni za kiwanda zilioka mikate, ofisi zikageuka mabweni na hospitali. Maelfu walilala humo.

Nchi nzima ilisikia. Watu wakamwandikia Rais Woodrow Wilson wakiomba Patterson asamehewe. Patterson mwenyewe alikataa msamaha, kwa sababu kuupokea kungekuwa kukiri kosa. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu, na hakwenda jela. Washindani aliowavunja hawakurudishiwa biashara zao.

Tajiri asiyekalika naye

Kufanya kazi chini yake kulihitaji moyo. Aliwaamsha wakuu wa idara alfajiri wafanye mazoezi ya viungo na kupanda farasi. Aliamini vyakula fulani na kuvikataza vingine, na aliyekula naye alilazimika kufuata. Aliwafukuza watu kwa sababu ndogo na kwa njia za kuaibisha. Mkewe Katharine, aliyemwoa mwaka 1888, alifariki mwaka 1894 na kumwachia watoto wawili wadogo. Wapo wanaoona kwamba baada ya hapo ukali wake uliongezeka.

Lakini aliowafukuza walikuwa wamefundishwa vizuri. Watson alitimuliwa mwaka 1914, akaenda kuongoza kampuni nyingine ambayo mwaka 1924 iliitwa IBM. Mhandisi Charles Kettering, aliyeweka mota ya umeme kwenye rejista mwaka 1906, aliondoka na kwenda kutengeneza kiwasho cha umeme cha magari, kilichomaliza kazi ya kuzungusha hendeli kwa mkono.

Patterson aliishi hadi mwisho akiipangia kampuni na mji wake mambo mapya. Baada ya mafuriko alikuwa mstari wa mbele kuchangisha fedha za kujenga mabwawa ya kuikinga Dayton. Alifariki ghafla Mei 7, 1922 ndani ya treni akielekea Atlantic City, akiwa na umri wa miaka 77. Fedha nyingi alizozipata alikuwa ameshazitumia kwa kiwanda, mji na safari, na urithi aliouacha ulikuwa mdogo kuliko watu walivyotarajia.

Kampuni iliendelea bila yeye. Mwaka 1954 ilitoa karatasi isiyohitaji kaboni, ileile inayotumika mpaka leo katika vitabu vya risiti vya nakala mbili ambavyo wauza mazao na wenye maghala wengi bado wanavitegemea. Juni 26, 1974, katika supamaketi moja ya mji wa Troy, si mbali na Dayton, mashine yake ilisoma kwa mara ya kwanza alama ya mistari kwenye bidhaa ya dukani, na bidhaa hiyo ilikuwa pakiti ya chingamu. Mwaka 2009 NCR ilihamisha makao makuu kutoka Dayton kwenda jimbo la Georgia. Baadhi ya mashine zake za kale, zile za shaba zenye nakshi na kengele, zimehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo.